Kunguru wamewafukuza minana kwenye meza ya ndege: je, niache kuweka nafaka?

Mkazi wa Kinyerezi

Ndugu zangu, habari za leo. Naomba ushauri katika jambo ambalo kwa wengine huenda likaonekana dogo, lakini nyumbani kwetu limekuwa kubwa.

Ninaishi Kinyerezi pamoja na mama yangu, mwenye umri wa miaka 78, ambaye tangu avunjike nyonga haendi mbali zaidi ya baraza la nyuma. Mwezi wa Januari nilimtengenezea meza ya ndege: ubao wa mraba wenye kingo fupi, juu ya nguzo inayonifika kifuani, hatua kama sita kutoka kwenye kiti chake, na pembeni yake beseni la maji. Nilikuwa naweka uwele na chenga za mchele. Wiki ya kwanza walikuja tetere wawili, wakafuata shomoro, kisha minana wa njano, na baadaye videge vidogo mno vyenye kichwa cheusi na tumbo jeupe, ambavyo huja kwa kundi na kujipanga bega kwa bega kana kwamba vinasikia baridi. Mama alianza kuamka mapema kuliko mimi. Alifika mahali pa kumtambua tetere mmoja kwa kidole chake kilichokatika, na asipomwona hadi saa tatu huniuliza kama nimemwona.

Masika yalipoanza, minana wakaanza kufuma kwenye mnazi wetu, na nikahesabu viota 11. Hapo ndipo kunguru walipoingia. Sehemu ya kosa ni langu, nakiri: nafaka ziliniishia katikati ya mwezi, nikaweka wali uliobaki na vipande vya chapati. Baada ya siku tatu nilikuwa na kunguru wanane juu ya ukuta. Walimaliza wali, wakazoea beseni, na sasa huleta humo utumbo wa samaki na mifupa kutoka majalalani, wanachovya na kuacha maji yananuka. Tetere hawashuki tena. Wiki iliyopita, asubuhi, kunguru mmoja aling'ang'ania kwenye kuti, akapasua kiota ubavuni, akamtoa kinda na kuja kumlia juu ya meza niliyoijenga kwa mikono yangu, mama akiwa anatazama. Hakusema neno hadi jioni.

Juu ya hayo, jirani yangu anayefuga kuku wa kienyeji wapatao 40 amenijia mara mbili, akisema kwamba ndege ninaowakusanya watamletea ugonjwa wa mdondo, na kwamba wale wa rangi ya majani makavu ni kwelea kwelea. Jirani mwingine amejitolea kunipa sumu ya kuchanganya na nyama ili nimalize kunguru kwa siku moja.

Naomba kujua: je, niiondoe meza kabisa? Kama ipo njia ya kuwarudisha wadogo bila kuwalisha kunguru, ni ipi? Na je, hofu ya jirani kuhusu kuku wake ina msingi?

Mzee wa Mjimwema

Mwanangu, kwanza mfikishie mama salamu zangu na pole. Mimi nina meza kama hiyo hapa Kigamboni kwa muda mrefu sasa, na hayo yaliyokupata yamenipata yote, pamoja na kinda.

Tuanze na adui mwenyewe. Kunguru unaowaona ni wembamba, weusi, wenye rangi ya kijivu shingoni na kifuani. Hao si wa asili ya hapa. Kwao ni Bara Hindi, na waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa matumaini kwamba wangesafisha taka. Kutoka huko wakaenea pwani nzima. Kunguru wetu wa asili ni yule mkubwa zaidi mwenye kifua cheupe, ambaye siku hizi katikati ya jiji humwoni kwa urahisi kwa sababu wageni hawa wamemsukuma nje. Nakueleza haya ili ujue kwamba huwezi kuwamaliza uwani kwako. Wanaishi kwa taka za jiji zima, na ukiwaua hao wanane, nafasi yao itajazwa kutoka mtaa wa pili kabla wiki haijaisha. Kampeni za kuwapunguza zimewahi kufanywa hapa Dar es Salaam kwa mitego ya makasha na kwa sumu maalumu iliyosimamiwa na wataalamu, nao wangali wapo.

Kwa hiyo sumu ya jirani ikatae, tena kwa sauti iliyo wazi. Nyama yenye sumu haichagui. Mwewe huiokota, paka huila, mbwa hufukua mzoga uliofukiwa, na kipande kinachoanguka kutoka mdomoni mwa kunguru anayekufa kinaweza kuangukia kwenye uwanja ambao watoto wanacheza. Sumu za shambani hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Unachoweza kutawala ni vitu viwili tu: unaweka nini, na unakiacha kwa muda gani. Kunguru hakuja kwa ajili ya uwele. Uwele ni punje ndogo, kuziokota moja moja kunamchosha ndege mwenye mdomo kama ule. Alikuja kwa ajili ya wali na chapati, na akibaki ni kwa sababu anatumaini vitarudi. Wali, ugali, mkate, pilau, mifupa, vyote viondoke, hata kwenye ndoo ya taka isiyo na mfuniko. Chumvi na mafuta ya chakula chetu haviwafai hata hao minana. Funga meza kwa siku 10 kamili, pasiwe na punje wala maji. Ndege wadogo hawatakufa njaa, kwa maana masika huu majani yamejaa mbegu na wadudu. Na minana hata hivyo huwalisha makinda wao wadudu zaidi kuliko nafaka. Kunguru atakuja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, akikuta patupu atahamishia doria yake kwingine.

Ukifungua tena, weka kikombe kimoja cha chai cha uwele au ulezi mara tu kunapopambazuka, na kilichobaki kifikapo saa tatu ukiondoe. Hii ndiyo siri ambayo wengi hawaitaki kwa sababu inadai kuamka. Meza inayobaki imejaa mchana kutwa humfundisha kunguru wakati wote kuwa ni wakati wa kuja, lakini meza yenye chakula kwa saa mbili na nusu tu hutumiwa na wanaoishi karibu na wanaoijua saa yake.

Kisha jenga kizimba juu ya ubao. Chukua wavu wa waya uliochomelewa, wenye matundu ya mraba ya sentimita 4, uufunge pande zote nne na juu, na umbali kutoka ukingo wa wavu hadi penye nafaka uwe mrefu kuliko shingo ya kunguru, la sivyo atachomeka kichwa na kujichotea. Shomoro, minana na wale wadogo wenye kichwa cheusi hupita bila shida. Ncha zote za waya zipige nyundo zilale. Kasoro yake ni kwamba tetere hapiti. Kwa ajili ya tetere wa mama, mwage konzi moja ya mtama chini, mahali peupe, wakati mama amekaa pale pale barazani. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake: mtu aliyekaa hatua sita kutoka hapo anamtosha kumfanya asitue, wakati tetere aliyekwisha kumzoea mama hatajali.

Kuhusu viota sina dawa kamili, na sitakudanganya. Kunguru huwatazama wazazi wanakoingia, na makuti ya mnazi hayawazuii vya kutosha. Umezungumzia viota 11, basi vingine vitafanikiwa. Usipande kukagua, usipeleke tochi usiku.

Afisa mifugo mstaafu

Nimefanya kazi ya ugani kwa miaka mingi, naomba nijibu lile la kuku, kwa sababu hapo jirani yako hakukosea kabisa na wala hakupatia kabisa.

Mdondo, ambao sehemu nyingine huitwa kideri, husababishwa na kirusi. Ndege wa porini, hasa jamii ya njiwa, wanaweza kuubeba. Lakini katika vijiji na mitaa niliyohudumia, mlipuko ulipotokea na tukafuatilia, mara nyingi tulikuta kuna kuku mpya aliyenunuliwa mnadani au aliyeletwa kama zawadi, akachanganywa na wengine siku hiyo hiyo. Kirusi kinasafiri katika kinyesi, katika mate, kwenye viatu, kwenye matenga na kwenye vyombo vya chakula. Ukiona kuku anaharisha kijani, anapinda shingo au anaburura mguu na bawa, umekwisha chelewa, maana tiba haipo.

Kinga ipo na bei yake ni ndogo. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko zile za zamani, hutolewa tone moja tu jichoni kwa kila kuku, mkubwa na kifaranga, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ningekuwa wewe ningekwenda kwa jirani na kumwambia kwamba niko tayari kuchangia gharama ya chanjo ya kuku wake 40 msimu huu. Hilo litamlinda zaidi ya kubomolewa kwa meza, na litaponya ujirani pia. Pamoja na hayo, hakikisha kuku wake hawaingii kuokota chini ya meza yako, na wewe usitumie kopo moja kuchotea nafaka za ndege na pumba za kuku. Katika jambo hilo natofautiana kidogo na Mzee wa Mjimwema: kama kuku wanapita uwani, mtama wa chini usiwekwe, hata kwa ajili ya tetere. Funga geti kwanza.

Kuhusu kwelea kwelea, mtulize. Wale wa rangi ya majani makavu wenye michirizi mgongoni, ukiwaona na minana wa njano kwenye mnazi mmoja, ni majike wao, na madume wenyewe nje ya msimu wa kuzaa hupoteza sehemu kubwa ya unjano na kufanana nao. Kwelea mdomo wake kwa kawaida ni mwekundu, na huja kwa maelfu kwenye mashamba ya mpunga, mtama na uwele. Kuonana naye kwenye kikombe kimoja cha uwele Kinyerezi si jambo la kutarajia. Mwambie jirani atazame mdomo.

Hatari ninayoiogopa kweli ni uchafu wa meza. Mahali ambapo ndege 30 hula na kunya kwenye ubao mmoja ndipo magonjwa yanapohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kila wiki kwangua kinyesi, osha kwa sabuni, kisha paka dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, suuza vizuri, na uache ubao ukauke kabisa juani kabla ya kurudisha punje. Vaa glavu, na usikwangue kinyesi kikavu bila kukilowesha, kwa sababu vumbi lake halifai mapafu, hasa mapafu ya mzee wa miaka 78 aliyeketi hatua sita kutoka hapo. Nafaka zinunue kidogo kidogo. Unyevu wa masika huotesha ukungu ndani ya gunia, na ukungu huo huleta sumukuvu, ambayo ni hatari kwa ndege kama ilivyo kwa binadamu. Ukisikia harufu ya uvundo, fukia.

Ukimwona ndege amejituna manyoya, anasinzia juu ya meza na haruki unapomkaribia, au tetere anayemeza kwa taabu huku mdomo umelowa, funga meza kwa wiki mbili. Ukiokota mizoga zaidi ya mmoja katika siku chache, usiishike kwa mkono mtupu, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata.

Dada wa Makongo

Shikamooni nyote. Nina mawili tu ya kuongeza, kwa kuwa wazee wamesema mengi.

La kwanza ni maji. Jiji hili limepata milipuko ya homa ya dengue, wa mwaka 2014 na wa 2019, na mbu anayeieneza hutaga katika maji yaliyotulia kwenye vyombo kama hilo beseni lako. Mayai hugandamana na ukuta wa chombo juu kidogo ya usawa wa maji, kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi. Sugua ukuta kwa brashi kila siku ndipo umimine mengine. Badala ya beseni tumia sahani ya chungu cha maua, yenye kina kisichozidi sentimita 4, na katikati weka jiwe lenye kukwaruza. Videge vidogo vitaoga humo, na kunguru atakosa pa kuchovya mifupa yake. Nilipobadilisha chombo, hilo la utumbo wa samaki lilikoma hapa kwangu ndani ya wiki.

La pili ni panya. Wakija panya, nyoka hawako mbali. Zungushia nguzo bati lililokunjwa kama koni, mdomo wake ukitazama chini, katika urefu ambao panya hawezi kuruka kutoka ardhini. Kuna watu hupaka grisi kwenye nguzo. Msifanye hivyo, tafadhali. Niliwahi kumshika shore aliyegusa grisi, manyoya ya tumbo yameshikana kama nywele zilizolowa, na hakuweza kuyatengeneza tena kwa mdomo wake. Alikufa mkononi mwangu usiku huo.

Kwa mama, kama anapenda rangi, panda mlonge karibu na baraza. Unakua haraka, na maua yake meupe huwaita chozi, videge vinyonyavyo maji matamu ya maua, ambao hawashughuliki na nafaka zako kabisa. Nusu ya papai lililoiva ndani ya kizimba itamleta shore, mradi ukate matundu mawili yamtoshe.

Na iwapo vijana wa mtaani watakuja na manati au ulimbo baada ya kuona ndege wamekusanyika, waambieni wazazi wao kwamba kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Mkazi wa Kinyerezi

Shikamooni wazee wangu, na ahsante dada. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nitekeleze.

Nilifunga meza kwa siku 10. Siku nne za kwanza zilikuwa ngumu, mama aliniuliza kila asubuhi kama nimesahau. Kunguru walikuja hadi siku ya sita, wakasimama ukutani wakikagua, wakaondoka. Jirani nilimfuata na fedha ya chanjo, tukaenda pamoja kuinunua, nami ndiye niliyemshikia kuku wakati akidondosha matone. Tulikaa barazani kwangu baadaye, nikamwonyesha jike la mnana kutoka karibu, akakubali kwamba mdomo si mwekundu. Sasa anafunga kuku wake hadi saa tatu, kwa hiari yake.

Kizimba nimekijenga kama Mzee alivyoelekeza, ila mara ya kwanza niliuweka wavu karibu mno na nafaka, na kunguru alichota kweli. Nimesogeza nafaka katikati. Tangu hapo minana wamerudi, na wale wadogo hupita kwenye matundu bila hata kukunja mabawa. Uwele nilinunua Tandale, kilo mbili tu. Tetere mwenye kidole kilichokatika alirudi juzi, peke yake, akatua karibu na ndala za mama.

Nina swali moja limebaki. Jana dume mmoja alianza kubomoa kiota chake mwenyewe, akichomoa majani moja moja na kuyaangusha chini, na mama ana wasiwasi kwamba huenda ameugua au ameogopeshwa na kunguru. Je, ni dalili mbaya?

Mzee wa Mjimwema

Marahaba mwanangu. Si dalili mbaya hata kidogo. Dume ndiye anayefuma, kisha huning'inia kwenye mlango wa kiota kichwa chini, akipigapiga mabawa na kulia ili jike aje akague. Jike huingia, huvutavuta majani kwa mdomo, na asiporidhika huondoka. Majani yakishageuka kutoka kijani kuwa ya kahawia bila jike kukikubali kiota, ni nadra kikubaliwe tena, kwa hiyo dume hukifumua na kuanza kingine mahali pale pale. Mwambie mama amtazame kesho asubuhi mapema: akiwa mzima atakuwa amekwisha kuleta ukanda wa kwanza wa kijani na kuufunga kwenye kuti, akiushikilia kwa mguu huku akiupitisha fundo kwa mdomo.